Yakisoba ya Kuku na Mboga: Mwongozo Kamili wa Kuipika kwa Jiko la Nyumbani

Yakisoba ni tambi za ngano zinazokaangwa pamoja na kabichi, nyama na sosi yenye uchachu na utamu ndani yake, na nchini Japani chakula hiki ni cha vibanda vya sherehe za kiangazi kama kilivyo cha meza ya nyumbani siku ambayo hakuna muda wa kupika wali na kitoweo. Muuza yakisoba wa kibandani hatumii karai wala sufuria. Mbele yake kuna bamba pana la chuma, bapa kabisa, lililopashwa moto kiasi kwamba tone la maji likidondokea juu yake huchachatika na kutoweka papo hapo, na mikononi ana miiko miwili bapa ya chuma ambayo huitumia kuinua tambi, kuzigeuza na kuzitandaza upya. Ukilielewa bamba hilo umeshaelewa sehemu kubwa ya mwongozo huu, kwa sababu yakisoba huiva kwa kugusana na chuma cha moto, na kinachoiharibu kuliko kitu kingine chochote ni maji: maji yaliyobaki kwenye tambi, maji ya kuoshea mboga, maji yanayotoka ndani ya kabichi yenyewe, na maji ya nyama iliyorundikwa kwenye kikaango kidogo.

Hatua zote zitakazoelezwa hapa zinalenga kuyadhibiti maji hayo. Ndiyo maana tambi hukaangwa peke yake kwanza, kuku baadaye, mboga baada ya kuku, na sosi mwisho kabisa, ingawa ingekuwa rahisi zaidi kumimina kila kitu kwa pamoja. Vipimo vilivyotolewa ni vya watu wawili, na ni vyema usivizidishe hata kama kikaango chako ni kikubwa. Ukiwa na watu wanne mezani, pika mara mbili; vitu vyote vikishakatwa na kupangwa, kila awamu huchukua takriban robo saa tu.

Jambo moja kuhusu nyama kabla hatujaingia jikoni. Yakisoba ya kawaida ya Kijapani hutiwa vipande vyembamba vya nyama ya tumbo la nguruwe, na ile ya kuku ni chaguo la nyumbani linalokubalika kabisa. Msomaji asiyekula nguruwe anaweza kuipika kwa kuku bila kupoteza ladha ya asili, kwa kuwa ladha hiyo hubebwa zaidi na sosi na tambi zilizobabuliwa. Lakini akiwa safarini Japani, akaikuta kibandani, achukulie kwamba ina nguruwe mpaka aambiwe vinginevyo.

Tambi: mahali ambapo kazi hushinda au hushindwa

Tambi za yakisoba hutengenezwa kwa unga wa ngano, maji, chumvi na kansui, yaani mchanganyiko wa kabonati za sodiamu na potasiamu. Kansui ndiyo inayozipa rangi ya manjano, harufu yake ya pekee na ule ukakamavu unaozifanya zivutike mdomoni bila kukatika ovyo. Jina lisikupoteze dukani: zile tambi za kahawia za unga wa soba (nafaka iitwayo buckwheat kwa Kiingereza), zinazoliwa kwenye mchuzi au zikiwa baridi, hazifai hapa kwa sababu hukatikakatika na kugeuka rojo juu ya moto mkali.

Huko Japani, watu wengi hununua tambi ambazo tayari zimepikwa kwa mvuke, zikiwa katika mifuko ya gramu 150 kwa mtu mmoja, mara nyingi mifuko mitatu kwa pakiti, pamoja na vipakiti vya sosi ya unga. Usiidharau sosi hiyo ya unga, kwa maana haina maji hata kidogo, na hilo ni faida kubwa kwa mpishi mwenye jiko lenye moto wa wastani. Ukizipata tambi za aina hii kwenye jokofu la duka la vyakula vya Asia, utahitaji mifuko miwili. Zikitoka kwenye jokofu huwa zimeshikamana kama tofali, na kosa la kawaida ni kuzitupa hivyo hivyo kwenye kikaango na kuanza kuzichana kwa mwiko, zikaishia kuwa vipande vifupi. Zipashe kwanza kwa dakika 1 kwenye maikrowevu, au zimwagie maji ya moto ndani ya chujio, uzikung'ute sana, kisha uzitenganishe taratibu kwa vidole.

Ukikosa hizo, tafuta tambi kavu za Kichina za ngano, zenye yai au zisizo na yai, gramu 150 kwa watu wawili. Zichemshe kwa dakika moja pungufu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa sababu bado zitapita kwenye moto mara mbili. Zikishatoka, zisuuze kwa maji ya baridi huku ukizisugua kidogo kwa mikono ili wanga wa nje uondoke, zikung'ute, kisha zitandaze kwenye sinia kubwa, uzichanganye na kijiko kidogo 1 cha mafuta na kuziacha zipigwe na hewa kwa dakika 15 au zaidi. Kusubiri huko ndiko watu wengi hukuruka. Tambi zilizotoka kwenye chujio moja kwa moja huonekana kavu, lakini zikigusa chuma hutoa mvuke mwingi, na mvuke ukitanda hakuna kitakachobabuka.

Njia ya tatu ni ya wale ambao duka lao lina spageti peke yake. Chukua spageti nyembamba kuliko zote utakazozipata, gramu 150, na uzichemshe katika lita 2 za maji yenye vijiko vikubwa 2 vya bekingi soda na kijiko kidogo 1 cha chumvi. Soda hiyo huyafanya maji yawe ya alkali, nazo tambi hubadilika: huwa za manjano zaidi, hukakamaa, na hupata harufu inayokaribia ile ya kansui. Tumia sufuria yenye kina kirefu, iliyojaa nusu tu, kwa kuwa povu hupanda ghafla na kumwagikia jikoni. Muhimu zaidi, sufuria hiyo isiwe ya alumini, kama zilivyo nyingi majumbani mwetu, kwa sababu alkali hushambulia alumini na kuifanya iwe nyeusi. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Baada ya kuchemsha, suuza tambi vizuri mpaka ladha ya soda iishe, kisha zikaushe kama ilivyoelezwa.

Huenda msomaji akajiuliza kama magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharagwe, hayawezi kufanya kazi hiyo, maana kabonati ya sodiamu ndiyo ileile inayopatikana Ziwa Magadi nchini Kenya. Kikemia anayo hoja. Hata hivyo, mabonge ya magadi hayana nguvu sawa kutoka bonge hadi bonge, na magadi ya asili ya Bonde la Ufa huwa na floraidi nyingi. Bekingi soda ya dukani ni safi, hupimika kwa kijiko, na haina bei kubwa kiasi cha kutafutia njia ya mkato.

Kuhusu tambi za pakiti za kupika kwa dakika mbili, zinaweza kutumika kwa dharura. Weka kando kipakiti chake cha viungo, zichemshe kwa dakika moja na nusu tu, na uelewe kwamba nyingi huwa zimeshakaangwa kwa mafuta kiwandani, hivyo punguza mafuta ya kikaangoni.

Sosi

Sosi ya yakisoba ni mtoto wa sosi ya Worcestershire ya Uingereza, iliyofika Japani katika karne ya 19 na kubadilishwa huko mpaka ikawa kitu kingine. Ile ya Kiingereza ni nyepesi na kali, yenye siki, ukwaju na samaki wadogo waliochachushwa, ilhali ya Kijapani hutegemea zaidi mboga na matunda kama nyanya, vitunguu na tufaha, nayo huuzwa katika daraja tatu za uzito: nyepesi, ya kati na nzito. Kampuni kama Otafuku ya Hiroshima na Bull-Dog ya Tokyo hutengeneza sosi za aina hii, na Otafuku ina chupa maalumu ya yakisoba. Ukiipata, vijiko vikubwa 5 vinatosha kwa watu wawili na huna haja ya kuchanganya kitu kingine.

Asiyeipata achanganye mwenyewe vijiko vikubwa 3 vya sosi ya Worcestershire, kijiko kikubwa 1 cha sosi ya chaza, kijiko kikubwa 1 cha sosi ya nyanya ya chupa, kijiko kidogo kimoja na nusu cha sosi ya soya na kijiko kidogo kimoja na nusu cha sukari. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha onja kwa ncha ya kijiko. Inapaswa kuwa na nguvu kupita kiasi ikiwa peke yake, uchachu ukitangulia na utamu ukifuata, kwa kuwa itagawanywa kwenye tambi na mboga ambazo hazina chumvi. Ikiwa uchachu unaumiza koo, ongeza nusu kijiko kidogo cha sukari, wala usiongeze maji.

Na kama hata hiyo Worcestershire haipo, viungo vyake vingi si vigeni katika majiko ya pwani. Loweka ukwaju kwenye maji machache ya moto, uukamue na kuuchuja upate vijiko vikubwa 2 vya maji mazito, uyaweke kwenye sufuria ndogo pamoja na kijiko kikubwa 1 cha sosi ya soya, vijiko vidogo 2 vya sukari guru iliyokunwa, kijiko kidogo 1 cha siki, chembe ya karafuu ya unga na pilipili manga, na uache vichemke kwa moto mdogo kwa dakika 2 au 3. Mchanganyiko huo ushike nafasi ya vile vijiko 3 vya Worcestershire. Hautalingana na sosi ya chupa, lakini uchachu wa ukwaju unakubaliana na tambi zilizobabuliwa vizuri kuliko siki peke yake.

Wanaozingatia uhalali wa chakula wasome maandishi ya chupa, kwa sababu baadhi ya sosi za Kijapani huongezewa pombe au dondoo za nyama. Mirin na sake, pombe za mchele ambazo hutajwa katika mapishi mengi ya Kijapani, hazihitajiki hapa hata kidogo.

Kuku

Chagua paja la kuku wa kisasa lisilo na mfupa, gramu 200. Kidari kinafaa pia, ila hukauka haraka na hakisamehi uzembe wa dakika moja. Kuku wa kienyeji ana ladha nzuri kuliko wote lakini nyama yake haiwezi kulainika kwa dakika tano za kikaangoni. Ukiwa naye, mchemshe kwanza mpaka alainike, mchambue nyama, uiache ikauke, na uiingize pamoja na tambi mwishoni.

Usimwoshe kuku mbichi chini ya bomba. Maji yanayorukaruka husambaza vijidudu kwenye sinki na vyombo vilivyo karibu, na isitoshe humwongezea kuku maji tusiyoyataka. Mfute kwa karatasi ya jikoni, kisha mkate vipande vyenye unene usiozidi sentimita 1 na urefu wa kidole cha mwisho. Nyama ikiwa imegandishwa nusu hukatika kwa unadhifu zaidi. Changanya vipande hivyo na kijiko kidogo 1 cha sosi ya soya, kijiko kidogo 1 cha tangawizi iliyokunwa na kijiko kidogo 1 cha unga wa mahindi mweupe laini, ule wa wanga unaotumika kufanya mchuzi uwe mzito, wala si unga wa ugali. Wanga huo hutengeneza ngozi nyembamba inayozuia majimaji ya nyama yasimwagike kikaangoni. Mwache kuku apumzike wakati ukikata mboga, na kibao pamoja na kisu ulivyotumia viende moja kwa moja kwenye maji ya sabuni.

Mboga

Kabichi haikosekani. Chukua gramu 150, ambazo ni kama majani manne makubwa, uyakate vipande vya mraba vya sentimita 3 hadi 4, na ile mishipa minene ya katikati uikate vipande vyembamba kwa mshazari ili iive sambamba na majani. Wengine huikata kabichi nyembamba kama ya kachumbari, na matokeo yake ni kwamba hunywea na kutoa maji yote ndani ya dakika moja. Karoti ndogo 1 ikatwe vijiti vyembamba na bapa, nusu kitunguu maji kikatwe vipande vya unene wa nusu sentimita, na nusu pilipili hoho ikatwe vivyo hivyo. Uyoga ukiwepo ni mzuri, ila ukaangwe mpaka ukauke kwanza, kwa kuwa hutoa maji mengi ukipata moto.

Wajapani wengi huongeza pia choroko zilizochipua, gramu 100 hivi. Zisipopatikana sokoni, ni kazi rahisi kuziotesha mwenyewe: loweka choroko nzima usiku mmoja, zimwage maji, ziweke kwenye chombo chenye matundu chini ya kitambaa chenye unyevu mahali penye giza, uzisuuze asubuhi na jioni, na baada ya siku 3 au 4 utakuwa na machipukizi meupe yenye urefu wa kutosha. Kwa kuwa mbegu zilizochipua hubeba vijidudu kwa urahisi, ziivishe vizuri.

Osha mboga mapema, kabla hujaanza kuandaa tambi, ili zipate muda wa kukauka ndani ya chujio. Kabichi iliyooshwa na kukatwa papo hapo huingia kikaangoni ikiwa imebeba maji kwenye kila mkunjo.

Kikaango na moto

Kwa kuwa tunaiga bamba la chuma, chombo kinachofaa ni kikaango kipana, kizito na bapa, chenye kipenyo cha sentimita 28 au zaidi. Karai lenye tumbo la mviringo hufaa kwenye jiko la mkahawa lenye ndimi za moto zinazolizunguka, lakini kwenye jiko la gesi la nyumbani hupata moto katikati tu, na tambi zilizo pembeni hubaki zikipikwa kwa mvuke. Chuma cha chapati kilicho kizito kinafanya kazi nzuri ajabu katika hatua ya kubabua tambi. Ubaya wake ni kwamba hakina kingo, hivyo mboga zipikwe kwenye chombo kingine. Jiko la mkaa lililokolea nalo linafaa sana, mradi kila kitu kiwe kimeshakatwa na kupangwa mkono unapofika, kwa sababu moto wake haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe.

Kupika

Washa moto mkali na ukiache kikaango cha chuma kipate joto kwa dakika 2. Kama kikaango chako ni kile chenye utando usioshika chakula, usikipashe kikiwa kitupu. Tia mafuta tangu mwanzo na utumie moto wa wastani unaoelekea kuwa mkali. Mimina kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya alizeti, yazungushe yafunike sakafu yote, kisha tandaza tambi zote ziwe tabaka moja lenye unene wa sentimita 2 hivi, uzikandamize kidogo kwa mwiko, na uziache.

Kuziacha huko ndiko kugumu. Mkono hutaka kukoroga. Sikiliza badala yake: sekunde za mwanzo utasikia mchachatiko mzito wenye unyevunyevu, na mvuke utapanda; baada ya dakika moja na nusu au mbili sauti hubadilika, hupungua uzito na kuwa mipasuko midogo mikavu, na harufu inayokuja ni ya ukoko wa mkate. Hapo inua kona moja uchungulie. Nyuzi za chini zinatakiwa ziwe na mabaka ya rangi ya asali na kahawia, huku nyingine zikiwa zimekakamaa nchani, na tabaka zima linainuka kama chapati. Ligeuze kwa mkupuo mmoja au vipande viwili, babua upande wa pili kwa dakika 1, kisha litoe uliweke kwenye sahani. Usiogope ukavu wake, kwa kuwa sosi itarudisha ulaini.

Ongeza kijiko kikubwa 1 cha mafuta. Tandaza vipande vya kuku visigusane sana, viache dakika 2 bila kuvisumbua mpaka upande wa chini uwe wa kahawia, vigeuze, na uviendeleze kwa dakika 2 au 3 nyingine. Nyama isibaki na wekundu ndani, na ukiwa na kipimajoto cha chakula, hakikisha katikati ya kipande kinene pamefika nyuzijoto 74 za Selsiasi. Mtoe kuku umweke kwenye sahani safi, wala si ile iliyombeba akiwa mbichi.

Sasa zamu ya mboga, moto ukiwa umerudi kwenye ukali wake. Anza na kitunguu na karoti kwa dakika 1 na nusu. Fuatisha mishipa ya kabichi na hoho kwa nusu dakika, kisha majani ya kabichi kwa dakika 1, na choroko mwisho, ukizigeuza mpaka zipate moto kote. Usitie chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kabichi, na chumvi yote inayohitajika imo katika sosi. Kabichi iwe imeng'aa na kulegea pembeni lakini bado ikilia chini ya jino. Ukiona maji yameanza kukusanyika chini, sogeza mboga upande mmoja wa kikaango, acha upande mtupu ukauke, ndipo uendelee.

Rudisha kuku na tambi. Zitenganishe tambi kwa vijiti vya kulia au kwa uma mbili, ukizinyanyua juu na kuziachia, badala ya kuzikatakata kwa mwiko. Zikigoma kuachiana, nyunyizia kijiko kikubwa 1 cha maji, na hiki ndicho kijiko pekee cha maji kinachoruhusiwa katika mapishi haya.

Mimina nusu ya sosi juu ya tambi, na nusu nyingine kwenye sehemu ya chuma iliyo wazi pembeni, ili ichemke kwa kishindo, iungue kidogo na kutoa harufu ile ambayo wapita njia huinusa kabla hawajakiona kibanda. Sukari iliyomo ndani ya sosi hubadilika haraka, kwa hiyo geuza kwa nguvu kwa dakika moja, si zaidi ya moja na nusu. Yakisoba imekuwa tayari pale sakafu ya kikaango inapokuwa kavu, bila kidimbwi cha sosi, na kila uzi umepata rangi ya kahawia inayong'aa. Nyunyizia pilipili manga na uzime moto.

Vya juu

Yakisoba ya kibandani hupambwa kwa aonori, ambao ni mwani wa kijani uliokaushwa na kusagwa, na kwa beni shoga, yaani tangawizi nyekundu iliyohifadhiwa kwenye siki. Mwani unaolimwa Zanzibar hauwezi kuchukua nafasi ya aonori, kwa kuwa ni wa jamii nyingine na huuzwa zaidi viwandani kwa ajili ya kutengenezea vizitishaji vya vyakula. Kipande cha nori, ile karatasi ya mwani ya kufungia sushi, kikipashwa juu ya moto na kuvunjwavunjwa kinakaribia zaidi. Tangawizi unaweza kuitengeneza: ikate nyuzi nyembamba sana, itie chumvi kwa nusu saa, ikamue, kisha iloweke kwenye siki yenye sukari kidogo na kipande cha kiazisukari (bitiruti) cha kuipa rangi, walau kwa usiku mmoja. Ukali wake hukata uzito wa sosi kwa namna ambayo pilipili kichaa haiwezi, na naona ni makosa kuipuuza kwa kudhani ni pambo tu.

Mji wa Yokote, katika mkoa wa Akita, huweka juu yake yai lililokaangwa upande mmoja, kiini kikiwa bado laini ili kichanganywe na tambi wakati wa kula. Fujinomiya, mji ulio chini ya Mlima Fuji katika mkoa wa Shizuoka, una yake pia, ambayo ilishinda mashindano ya vyakula vya miji ya Japani yaitwayo B-1 Grand Prix mwaka 2006 na 2007. Tambi za Fujinomiya hupikwa kwa mvuke, kisha hupoozwa na kupakwa mafuta bila kuchemshwa, hivyo huwa na maji kidogo na ukakamavu mkubwa, na juu yake hunyunyiziwa unga wa samaki waliokaushwa. Msomaji anayetaka kuujaribu mtindo huo anaweza kusaga dagaa wakavu walioondolewa vichwa na kukaangwa bila mafuta. Kijiko kidogo kimoja kwa sahani kinatosha.

Yakisoba ya chumvi

Kwa kuku kuna namna nyingine ambayo, kwa maoni yangu, humfaa kuliko ile ya sosi nyeusi. Wajapani huiita shio yakisoba. Hatua ni zilezile, lakini badala ya sosi changanya nusu kijiko kidogo cha chumvi, punje 1 ya kitunguu saumu iliyopondwa, kijiko kidogo 1 cha sosi ya soya, vijiko vidogo 2 vya mafuta ya ufuta, vijiko vikubwa 2 vya mchuzi wa kuku na pilipili manga ya kutosha. Kamulia ndimu baada ya kuzima moto, si kabla. Kwa kuwa hakuna sosi nzito ya kuficha kasoro, tambi zisizobabuliwa vizuri zitajulikana mara moja.

Ikitoka vibaya, na ikibaki

Yakisoba iliyolowana na kushikamana haitibiki kwa kuongeza muda juu ya moto mdogo, kwa maana itazidi kuiva na kulegea. Itandaze kwenye kikaango cha pili kilicho moto sana, nusu kwa nusu, na uiache ikauke kwa dakika moja kila upande. Iliyo kavu kupita kiasi ipewe kijiko kidogo cha mafuta na kimoja cha sosi, wala si maji. Sosi ikiungua na kuwa chungu hakuna la kufanya, zaidi ya kukumbuka kuitia mwisho na kuzima moto mapema.

Kilichobaki kiingie kwenye jokofu ndani ya saa 2 na kiliwe ndani ya siku 2, kikipashwa kikaangoni mpaka kitoe mvuke kote. Wajapani pia huitia ndani ya mkate laini mrefu uliopasuliwa katikati, wakaipaka mayonezi kidogo na kuongeza ile tangawizi nyekundu, na mkate huo huuzwa kwenye maduka ya mikate na kantini za shule. Kwa matumizi hayo, zikate tambi fupifupi kwa mkasi kwanza, la sivyo zote zitatoka kwa pamoja mtu anapouma mara ya kwanza.